Vita vya mashine za gemu: Mauzo yahesabiwa ng'ambo, gharama yabaki Kongo

Bunia. Katika vyumba vya gemu vya mji huu, ushindani wa Sony, Microsoft na Nintendo hauonekani kwenye mabango wala kwenye foleni za madukani. Unaonekana juu ya meza moja: televisheni, mashine kuukuu ya PlayStation na maneti mbili zenye waya, mara nyingi zimefungwa gundi pale zilipokatika. Vijana wawili hukaa kwenye benchi na kucheza mpira, wengine husimama nyuma yao wakisubiri zamu. Anayefungwa huinuka, anayelipia mechi inayofuata hukaa.

Kisichoonekana ni mtu anayepunga mkono hewani. Maneti zinazosoma mwendo wa mwili, ambazo mwaka 2010 ziliuzwa kwa mamilioni Marekani na Ulaya ndani ya wiki chache, hazikupata nafasi hapa. Mbio zilizozizalisha, hata hivyo, zimeigusa Kongo mashariki kwa njia nyingine. Ndani ya kila mashine ya gemu, ya Sony, ya Microsoft au ya Nintendo, mna madini ya aina ile ile inayochimbwa kuanzia Masisi na Walikale hadi Mambasa, Djugu na Mongbwalu.

Kwa robo karne sasa, kampuni hizo zimekuwa zikitangaza nani ameuza zaidi. Hesabu ya nani alinufaika na nani aliumia huku madini yanakotoka haijawahi kutangazwa kwa kelele kama hizo.

Mwaka wa PlayStation 2

Machi 4, 2000, Sony ilianza kuuza PlayStation 2 nchini Japani. Ilipofika Marekani Oktoba 26 mwaka huo, wanunuzi walikesha nje ya maduka, lakini wengi walirudi mikono mitupu. Sony ilikuwa imeahidi mashine milioni moja kwa siku ya kwanza, ikapeleka 500,000 tu. Sababu iliyotolewa ilikuwa upungufu wa vipuri.

Mwaka huohuo dunia iligombania tantalamu, metali inayopatikana kwenye koltani. Tantalamu hutumika kutengenezea kapasita, vipande vidogo vinavyotunza na kutuliza umeme ndani ya simu, kompyuta na mashine za gemu. Viwanda vilihofia kuishiwa, vikanunua kuliko mahitaji yao ili kuweka akiba, na bei ikapanda karibu mara kumi kabla ya kuporomoka mwaka 2001.

Kupanda huko kuliikuta Kongo mashariki ikiwa vitani. Goma na sehemu kubwa ya Kivu zilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD walioungwa mkono na Rwanda. Novemba 2000, RCD ilikabidhi haki ya kununua na kuuza nje koltani kwa kampuni moja tu, SOMIGL, ili mapato yapitie mlango mmoja. Wakulima waliacha majembe ya shamba wakashika ya machimbo. Ripoti ya jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Aprili 2001 ilieleza jinsi madini yalivyogeuka kuwa mafuta ya vita hivyo.

Baadaye baadhi ya wanaharakati wa nchi za Magharibi walivibatiza jina la "vita vya PlayStation". Jina hilo linavutia macho, lakini linabeba mzigo mkubwa kuliko ukweli. Vita vilianza Agosti 1998, miezi 19 kabla ya mashine hiyo kuuzwa kwa mara ya kwanza, na chanzo chake kilikuwa siasa, usalama wa mipaka na madaraka. Hata katika mahitaji ya tantalamu, mashine za gemu zilikuwa mteja mmoja kati ya wengi, simu na kompyuta zikiwemo. Kilicho kweli ni kwamba pupa ya viwanda vya mbali iliwafanya wenye bunduki wapate soko la haraka, na soko hilo halikuuliza mzigo umetoka kwa nani.

Bunia wakati huo ilikuwa na msiba wake. Mji ulikuwa chini ya jeshi la Uganda na makundi yaliyopokezana madaraka, na mapigano kati ya Wahema na Walendu yaliyoanza 1999 yaliendelea kuitafuna Ituri. Inakadiriwa kuwa zaidi ya watu 50,000 waliuawa hadi mwaka 2003, mwaka ambao Umoja wa Ulaya ulituma kikosi cha Artemis kuulinda mji. Hapa ugomvi wa madini ulikuwa wa dhahabu kuliko koltani.

Maneti iliyobadilisha soko

Miaka sita baada ya PlayStation 2, Nintendo ilibadilisha mchezo. Kampuni hiyo ya Kyoto ilikuwa imeshindwa vibaya na Sony katika kizazi kilichotangulia, na haikuwa na uwezo wa kushindana kwa nguvu ya mashine. Ikachagua njia nyingine. Novemba 19, 2006 ilianza kuuza Wii nchini Marekani kwa takriban Dola 250, siku mbili baada ya Sony kuzindua huko PlayStation 3 kwa Dola 500 na 600.

Maneti ya Wii ilifanana na rimoti ya televisheni. Ndani yake kulikuwa na kifaa kidogo kinachopima mwendo, na mbele yake kamera iliyosoma mwanga usioonekana kwa macho kutoka kwenye kijiti kilichowekwa karibu na televisheni. Mchezaji alirusha mkono kama anapiga tenisi, na mchezaji wa kwenye kioo akapiga mpira. Bibi ambaye hakuwahi kushika maneti yenye vitufe aliweza kumshinda mjukuu wake. Nintendo ilimuuzia kila mtu, hata asiyejiita mchezaji.

Mwezi huohuo wa Novemba 2006, watu wa Bunia walikuwa wakifuatilia habari nyingine kutoka Ulaya. Mjini The Hague, majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai walikuwa wakisikiliza madai dhidi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa UPC, aliyeshtakiwa kwa kuwaingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15. Mwaka 2012 alipatikana na hatia. Umri wa watoto wale waliojulikana kama kadogo ulikuwa umri wa kuvutana maneti na ndugu zao.

Wii iliuzwa hadi kufikia mashine milioni 101.63. PlayStation 3 na Xbox 360 nazo zilipita milioni 80 kila moja, lakini kwa miaka kadhaa zilibaki nyuma zikitafuta jibu. Jibu hilo lilikuja mwaka 2010.

Miezi mitano ya 2010

Katikati ya Septemba 2010, Sony ilitoa PlayStation Move, maneti fupi yenye mpira unaong'aa rangi kichwani ili kamera iuone. Mwisho wa Novemba ikatangaza kwamba Move milioni 4.1 zilikuwa zimekwenda sokoni. Takwimu hiyo ilihesabu mzigo uliopelekwa madukani, si ule ambao tayari ulikuwa nyumbani kwa wateja, na tofauti hiyo ilizua mabishano marefu kati ya mashabiki wa pande mbili.

Novemba 4, Microsoft ikaleta Kinect kwa Dola 150. Hii haikuwa na maneti kabisa. Kamera yake ilimwaga nukta za mwanga usioonekana chumbani na kusoma umbali wa kila kiungo, hivyo mwili wa mchezaji ukawa ndio maneti. Ndani ya siku 60 Kinect milioni 8 ziliuzwa, wastani wa 133,333 kwa siku. Guinness World Records ikaiandika kuwa kifaa cha kielektroniki kilichouzwa kwa kasi kuliko vyote duniani hadi wakati huo.

Wakati kampuni hizo zikijiandaa kwa Krismasi, mambo mawili yalitokea ambayo yangegusa maisha ya wachimbaji wa Kongo kuliko gemu lolote.

La kwanza lilikuwa Washington. Julai 21, 2010, Rais Barack Obama alitia saini sheria ya Dodd-Frank ya kurekebisha mabenki baada ya mtikisiko wa uchumi. Ndani yake kulikuwa na kifungu cha 1502, kinachozitaka kampuni zinazotoa taarifa kwa mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani kueleza kama bati, tantalamu, tangsteni na dhahabu wanayotumia vinatoka Kongo au nchi jirani, na kama vimefadhili makundi yenye silaha.

La pili lilikuwa Walikale. Septemba, siku chache kabla Move haijaingia madukani Ulaya, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Amri hiyo ilidumu hadi Machi 2011. Ituri, iliyokuwa bado sehemu ya Jimbo la Orientale, haikuguswa na amri hiyo.

Sheria iliyomfikia mchimbaji kwanza

Amri ya Kabila ilipoondolewa, wachimbaji wa Kivu walirudi mashimoni na kukuta wanunuzi wameondoka. Kuanzia Aprili 2011, viwanda vingi vya kuyeyusha madini viliacha kupokea mzigo wa eneo hili usio na uthibitisho wa mahali ulikotoka. Kwa kampuni ya Marekani au Japani, kuacha kununua Kongo kulikuwa rahisi kuliko kuchunguza kila gunia. Kwa familia iliyoishi kwa kuchimba, ilikuwa sawa na kufungiwa duka.

Mpango wa kufunga lebo kwenye magunia, unaojulikana kama iTSCI, ulichukua miaka kufika. Rubaya, eneo kubwa la koltani huko Masisi, liliingizwa mwaka 2014. Katikati ya kusubiri huko, watu waliumia. Utafiti wa wachumi Dominic Parker, Jeremy Foltz na David Elsea, uliochapishwa 2016, ulionyesha kwamba katika vijiji vya karibu na migodi iliyolengwa na sheria, uwezekano wa mtoto mchanga kufariki uliongezeka zaidi ya mara mbili. Maelezo yao ni ya kawaida kwa yeyote anayeijua nchi hii: kipato kilipokatika, mama alishindwa kulipia matibabu na chakula.

Watetezi wa sheria hiyo wana hoja yao pia, na si ndogo. Kabla ya 2010 hakuna kampuni kubwa ya gemu iliyolazimika kujiuliza bati lake limetoka wapi. Baada yake, zililazimika kuwaandikia wauzaji wao, na wauzaji kuviandikia viwanda vya kuyeyushia. Kwa tantalamu, bati na tangsteni, idadi ya viwanda vilivyokubali kukaguliwa iliongezeka sana.

Agosti 2012, shirika la Enough Project la Marekani lilitoa orodha ya kampuni 24 za vifaa vya kielektroniki kwa jinsi zilivyoshughulikia suala hilo. HP na Intel zilikuwa juu. Nintendo, kampuni ambayo Wii yake iliwashinda wote sokoni, ilipata sifuri na kuwa ya mwisho. Kampuni hiyo ilijitetea kwamba haitengenezi vifaa vyake yenyewe bali hukabidhi kazi hiyo kwa washirika, na kwa hiyo haihusiki moja kwa moja na ununuzi wa malighafi.

Jibu hilo linaonyesha jinsi mnyororo huu unavyofanya kazi. Kati ya shimo la Masisi na sanduku la mashine dukani kuna mchimbaji, mbebaji, mnunuzi wa kijijini, komptwari ya mjini, msafirishaji, kiwanda cha kuyeyushia, mtengeneza kapasita, mtengeneza bodi na kiwanda cha kuunganisha. Kila mmoja anaweza kusema hamfahamu yule wa ngazi ya nne chini yake, na akawa anasema kweli.

Dhahabu haina lebo

Kwa Ituri, tatizo lina sura nyingine, kwa kuwa dhahabu hailingani na koltani.

Dhahabu iligunduliwa Kilo mwaka 1903, na migodi ya Kilo-Moto ndiyo iliyoipa Ituri nafasi kwenye ramani ya dunia. Katika vifaa vya kielektroniki, dhahabu hupakwa kwa tabaka jembamba sana kwenye meno ya viunganishi na bodi, kwa sababu haishiki kutu na hupitisha umeme vizuri. Kila mashine ina kiasi kidogo tu. Sehemu kubwa ya dhahabu ya dunia huenda kwenye vito na hazina za benki, na hakuna anayeweza kumwonyesha mchimbaji wa Mongbwalu kwamba chembe yake iko ndani ya Kinect fulani.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Koltani husafiri kwa magunia na malori. Kilo moja ya dhahabu ina ujazo wa takriban viberiti viwili vidogo na huvuka mpaka mfukoni. Ikishayeyushwa pamoja na dhahabu nyingine, asili yake hupotea. Lebo za magunia ya koltani na kasiterite hazikuwahi kuundwa kwa ajili yake.

Mwaka 2005, Human Rights Watch ilichapisha ripoti kuhusu dhahabu ya kaskazini mashariki mwa Kongo, Mongbwalu ikiwa katikati ya simulizi. Ilikadiria kwamba mwaka 2003 dhahabu ya Kongo yenye thamani ya Dola milioni 60 iliuzwa nje kupitia Uganda, nyingi ikielekea Uswisi. Baada ya ripoti hiyo, kampuni ya Uswisi ya Metalor ilisitisha kununua dhahabu kutoka Uganda. Njia, hata hivyo, hazikufungwa. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeendelea kueleza dhahabu inavyovuka mpaka kwa magendo, na makundi yenye silaha ya Ituri, yakiwemo ya CODECO, yanavyonufaika na machimbo.

Serikali ya Kinshasa imejaribu kuivuta biashara hiyo kwenye mstari. Januari 2023 ilizindua mjini Bukavu kampuni ya Primera Gold, kwa ushirikiano na wawekezaji wa Falme za Kiarabu, ili dhahabu ya wachimbaji wadogo inunuliwe na kuuzwa nje kwa njia halali. Ugumu wa mipango ya aina hiyo ni uleule kila mahali: mchimbaji humuuzia anayelipa haraka na kutoza kidogo, na ng'ambo ya mpaka daima kuna mtu wa namna hiyo.

Ituri yenyewe imekuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 6, 2021. Mamia ya maelfu ya watu wamehama vijiji vyao, wengi wakiwa kwenye kambi za Djugu na kandokando ya Bunia.

Kwa nini Kinect haikuja Bunia

Njia ambazo dhahabu hutokea ndizo ambazo bidhaa za viwandani huingilia. Mizigo ya Kampala huja kupitia Arua na Aru, kupitia Goli na Mahagi, au kwa boti za Ziwa Albert hadi Kasenyi na Tchomia. Ndani ya mizigo hiyo kuna televisheni, simu na mashine za gemu zilizotumika.

Anayefungua chumba cha gemu hachagui mashine kwa kusoma matangazo. Anauliza maswali machache: bei yake ikoje, fundi wa mtaani anaiweza, inakula umeme kiasi gani, inahitaji intaneti, na watu wangapi watailipia kwa saa moja. Maneti za mwendo zinashindwa karibu kila swali.

Kinect ilihitaji nafasi. Microsoft ilipendekeza mchezaji mmoja asimame takriban mita 1.8 kutoka kwenye kamera, na wawili mita 2.4, bila kitu katikati. Nafasi hiyo katika chumba cha biashara inatosha benchi mbili, meza na wateja wanaosubiri. Ilihitaji pia kwamba watu wasipitepite nyuma ya mchezaji, jambo lisilowezekana mahali ambapo watazamaji ni nusu ya burudani. Maneti ya Wii nayo ilikula betri, na kijiti chake kikivunjika si kila duka lina kingine.

Umeme nao una la kusema. Mtambo wa maji wa Budana, ambao asili yake ni migodi ya Kilo-Moto, umekuwa chanzo cha umeme wa mji kwa miaka mingi, lakini hautoshi, na wafanyabiashara wengi hutegemea jenereta au paneli za jua. Kila kifaa cha ziada ni mafuta ya ziada.

Kisha kuna mpira. PlayStation 2 ilipata FIFA mpya kila mwaka hadi FIFA 14 iliyotoka 2013, miaka 13 baada ya mashine kuzaliwa. Mashine ikauzwa duniani zaidi ya milioni 155, idadi ambayo haijafikiwa na mashine nyingine yoyote ya Sony. Vitufe vyake havihitaji maelezo: huyu anapiga pasi, huyu anapiga shuti. Kijana aliyejifunza kwenye PlayStation 2 anahamia kwenye PlayStation 3 au 4 bila kuanza upya. Katika soko la namna hii, kinachodumu kinamshinda kinachoshangaza.

Nchi tajiri nazo zilifika hapohapo, ila kwa njia ndefu. Novemba 2013, Microsoft ilitoa Xbox One ikiwa na Kinect ndani ya sanduku kwa Dola 499, huku PlayStation 4 ikiuzwa Dola 399 bila kamera. Wanunuzi walichagua ile ya bei ndogo. Juni 2014 Microsoft iliiondoa Kinect kwenye sanduku ili kushusha bei, na 2017 ikaacha kuitengeneza. PlayStation 4 ilipita mashine milioni 117. Nintendo nayo, baada ya furaha ya Wii, iliambulia milioni 13.56 tu kwa Wii U, kabla ya kufufuka na Switch iliyopita milioni 150.

Kifaa kilichovunja rekodi ya dunia mwaka 2010 kilikuwa kimetoka sokoni baada ya miaka saba. Kiasi cha bati, tantalamu na dhahabu kilichotumika kutengeneza mamilioni ya kamera hizo hakikurudi ardhini.

Mbio zinaendelea

Juni 5, 2025, Nintendo ilizindua Switch 2 na kutangaza kwamba ilikuwa imeuza mashine milioni 3.5 ndani ya siku nne. Maneti zake za pembeni bado zinasoma mwendo wa mkono, kama ile ya Wii, ingawa sasa hakuna anayelifanya hilo kuwa habari kubwa.

Rubaya nayo ilikuwa imebadilika. Waasi wa M23 waliiteka mwaka 2024. Septemba mwaka huo, aliyekuwa mkuu wa ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini, Bintou Keita, aliliambia Baraza la Usalama kwamba eneo hilo linatoa zaidi ya asilimia 15 ya tantalamu ya dunia, na kwamba biashara yake inawaingizia waasi wastani wa Dola 300,000 kwa mwezi. Miaka kumi baada ya lebo kufika Rubaya, mgodi uleule ulirudi kuwa hazina ya wenye silaha.

Kampuni za gemu leo hutoa kila mwaka ripoti ndefu kuhusu madini yao, zikitaja mamia ya viwanda vya kuyeyushia. Ripoti hizo zinaeleza kilichokaguliwa. Hazielezi mchimbaji alilipwa nini, wala kama kijijini kwake kuna zahanati iliyo wazi. Mpaka maswali hayo yaingie kwenye hesabu, ushindi wa mauzo utaendelea kuwa habari ya Tokyo, Kyoto na Redmond.

Bunia, mashine kuukuu inaendelea kufanya kazi. Ikizima, hupelekwa kwa fundi, naye huifungua, husafisha lenzi ya kusomea diski na kuchomelea upya waya kwa bati. Jenereta ikizimwa jioni, mmiliki wa chumba huchomoa maneti, huzikunja waya zake na kuzifungia kabatini hadi kesho.